Ngazi Haimo Kwenye Boksi

Baba mdogo hakusema lolote kuhusu modeli yangu ya ndege ya plastiki. Aliingia, nikamwamkia, akaitikia, akavua kofia, kisha akainama juu ya meza mpaka nikaogopa pua yake isije ikakwangua bawa. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akauliza:

"Ngazi yake iko wapi?"

Nikamwambia ngazi haikuja, boksini mlikuwa na ndege tu.

"Sasa watu watashukaje?"

Nilikuwa nimemaliza miezi minne juu ya ndege ile. Mchana mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, jioni nakata plastiki. Nilitarajia asifie rangi, au angalau simba wa mkiani, maana yule simba nilimweka kwa pumzi niliyoizuia. Yeye akadai ngazi. Akadai na kabari za magurudumu. Akanywa chai, akaondoka, na mimi nikabaki na ndege ambayo ghafla ilionekana kama imetua porini.

Ndege yenyewe ni Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, 5H-MMT, kwa skeli ya 1/144, yaani imepunguzwa mara 144. Ile halisi ilikuwa na urefu wa mita 52.32, kwa hiyo ya mezani ina sentimita 36 na kidogo. Wasiozaliwa enzi zile huenda hawajui kwamba shirika hilo la nchi tatu lilikuwa na VC10 tano zilizonunuliwa mpya kutoka Uingereza kati ya 1966 na 1970, zikagawana usajili kama ndugu wanaogawana shamba: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Injini nne za Rolls-Royce Conway zote ziko nyuma, mbili kila upande, na mkia una umbo la herufi T. Mpaka leo sijaona ndege ya abiria iliyonyooka shingo vile.

Baba mdogo aliajiriwa uwanja wa Dar es Salaam mwaka 1969, kwenye jengo ambalo sasa tunaliita Terminal One. Hakuwa rubani wala fundi. Alikuwa akisukuma ngazi, akiweka kabari, akipakia mizigo. Mwaka 1977 shirika lilipokufa, akahamia kwingine. Habari ya mafao yao ni makala nyingine, leo siigusi.

Basi nikaamua kuunda ngazi.

Neno la Kizungu "kit" ambalo wenzetu wa modeli hutumia kwa boksi la vipande silitumii, maana nikiliandika Kiswahili linakuwa "kiti", na mafundi seremala wa Keko wangenitengenezea cha kukalia. Mimi nasema boksi. Na kuunda kitu ambacho hakimo boksini nakuita kuunda tu. Kwenye boksi unafuata namba: kipande cha 14 kinaingia kwenye cha 15. Unapounda mwenyewe hakuna namba. Kazi ya kwanza inakuwa kupima, na mimi sikuwa na ngazi ya kupima.

Nilichokuwa nacho ni picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe kutoka kwenye albamu ya shangazi: vijana wanne wamesimama mbele ya ngazi ya kusukuma kwa mkono, mmoja wao baba mdogo, suruali bwanga, mkono kiunoni. Ngazi inaonekana kwa ubavu, nusu yake. Hakuna rula kwenye picha. Ila yumo baba mdogo.

Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo, ngoja nieleze taratibu. Ukijua kimo halisi cha kitu kimoja kwenye picha, umeshajua vimo vya vyote vilivyo umbali uleule kutoka kwenye kamera. Nilikwenda kwake na futi ya fundi cherehani, nikamsimamisha ukutani. Sentimita 166. Akakataa kabisa. Akasema yeye ni 168, imeandikwa, akaenda chumbani akarudi na kitambulisho chake cha kazi cha zamani, na kweli imeandikwa. Nikakumbuka kwamba wazee hupungua. Nikatumia 168.

Kwenye picha, kutoka wayo hadi utosi, ana milimita 42. Kwa hiyo kila milimita ya picha ni sentimita 4 za uwanjani. Kimo cha kipandio kimoja kwenye picha ni milimita 5, yaani sentimita 20. Gawanya kwa 144: milimita 1.4. Kutoka kipandioni hadi kwenye bomba la kushikia ni milimita 23 za picha, yaani sentimita 92, yaani milimita 6.4 kwenye modeli. Kisha nikapima kizingiti cha mlango wa mbele wa ndege yangu kutoka mezani: milimita 22 na nusu. Gawanya kwa 1.4, unapata vipandio 16. Nikampigia simu kumuuliza kama vilikuwa 16.

"Mimi nilikuwa nasukuma," akasema. "Aliyekuwa anahesabu ni abiria mwenye goti bovu."

Sasa plastiki. Plastiki ya modeli ni polistairini, na karatasi zake za kuundia huuzwa nje kwa bei ambayo sitaitaja nyumbani. Hapa nimejifunza kugeuza makopo. Chini ya kopo la mtindi au bilauri ya kutupa kuna pembetatu ndogo yenye namba. Ukiona 6, hiyo ndiyo polistairini. Gundi ya modeli huiyeyusha kidogo na kuiunganisha ikawa kitu kimoja. Ukiona 5, rudisha jikoni. Mimi ngazi yangu ya kwanza niliiunda yote kwa kopo la namba 5, jeupe, laini, linakatika vizuri kama siagi. Nikabandika vipandio vyote 16, nikalala. Asubuhi nikainyanyua kwa bomba la kushikia, vipandio vikabaki mezani vimejipanga mstari kama mchele. Plastiki ile haishiki gundi, hata supaglu inaikubali kwa shingo upande. Jioni mbili zikaenda na maji.

Ya pili niliunda hivi. Mbavu mbili za pembeni nilizikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 dunia nzima, ni kipimo cha kimataifa, kwa hiyo huna haja ya kuzipima. Ila ni PVC, plastiki ya aina nyingine, na haiyeyuki kwa gundi ya modeli, hapo ni supaglu tu. Vipandio nikavikata kwenye ukuta wa bilauri ya namba 6, vipande vya milimita 2 kwa 7, kwa wembe mpya na rula ya chuma. Wembe mpya nasisitiza. Wembe butu hausemi kwamba umekuwa butu, unakunja tu ukingo wa plastiki, nawe unadhani ni mkono wako umetetemeka.

Kupanga vipandio 16 vilingane kwa macho haiwezekani. Nilichora mistari ya milimita 1.4 kwenye karatasi, nikaibandika kwenye kibao, nikasimamisha mbavu juu yake, nikawa naingiza kipandio kimoja kimoja kwa koleo la nyusi. Tone la supaglu nililiokota kwa ncha ya pini; ukimimina kutoka kwenye chupa umekwisha. Kila vipandio vinne nilisimama, nikanyoosha mgongo, nikaangalia kwa pembeni dhidi ya taa. Kipandio cha tisa kimepinda mpaka leo. Ninakiona mimi tu. Na sasa nimekwambia.

Bomba la kushikia lilinishinda siku tatu. Waya wa simu ni mnene mno, ukiuzidisha kwa 144 unapata bomba la maji taka. Nyuzi za ndani ya waya wa chaja ni nyembamba mno na zinalegea. Jibu likatoka kwa mpangaji mwenzangu anayepiga gitaa kanisani: uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, una milimita 0.25. Mara 144 ni sentimita 3.6, na hilo ndilo bomba la kushikia mkononi. Ni chuma kigumu, kinakaa kilivyokunjwa, na kilichokatika kwenye gitaa hakina faida tena kwa mwenyewe. Sasa hivi ana ahadi ya kuniletea kila unaokatika.

Magurudumu manne ya ngazi nilikwenda kuyatoboa kwa fundi viatu. Lile koleo lake la kutobolea mikanda lina midomo ya vipenyo tofauti, na ule wa milimita 2.5, ukiubana kwenye kadi ya benki, unatoa kisahani cha mviringo safi kabisa. Kwenye skeli ni gurudumu la sentimita 36 lenye upana wa sentimita 11. Fundi alidhani natoboa kadi ili isitumike na wezi. Sikumrekebisha.

Kabari zilikuwa rahisi. Njiti ya kiberiti ina milimita 2 hivi, kwa hiyo ukiikata kwa mshazari unapata kipande cha mbao cha karibu sentimita 29, na kabari za kweli zilikuwa za mbao. Nilizifunga mbilimbili kwa uzi wa kushonea niliouchambua ukabaki unyuzi mmoja, kama kamba ya kuvutia. Rangi ya njano. Dakika 20, basi.

Nikiwa nimenogewa, nikarudi kwenye ndege yenyewe, na hapo nikagundua dhambi niliyokuwa nimeificha. Baba mdogo alipokuja mara ya kwanza, chini ya mkia kulikuwa na kifuniko cha chupa. Ndege yenye injini nne nyuma ni nzito nyuma, na modeli yake ni hivyohivyo: usipoweka uzito puani kabla ya kufunga mwili, inakaa kitako kama mbwa. Niliweka, ila kidogo. Nilikisia badala ya kujaribu. Mwili ulikuwa umeshafungwa, umepakwa rangi, na simba yuko mkiani.

Nilinunua risasi za mshipi kwenye soko la samaki la Feri, zile ndogo za wavuvi, nikazikatakata kwa koleo. Kisha nikapasha sindano moto nikatoboa dari ya tundu la gurudumu la mbele, mahali ambapo mtu haoni asipoipindua ndege, nikawa nasukuma vipande kimoja kimoja ndani ya pua na kuvifuata na supaglu. Baada ya kila vipande vitano niliiweka mezani na kuachia. Ilikaa kitako mara sita. Mara ya saba ikasita, ikafikiria, ikainamisha pua. Niliongeza vipande vitatu vya usalama. Ukifanya hivi, usitumie gundi nyeupe ya mbao pamoja na risasi: huila risasi polepole, ikavimba, na baada ya miaka mwili unapasuka. Na unawe mikono.

Wakati tayari nimeshaipindua, nikaongeza vitu vingine viwili vitatu. Mirija ya kupimia mwendo iliyo puani nilitengeneza kwa sindano za insulini zisizotumika, za namba 31, ambazo unene wake ni kama wa ule uzi wa gitaa ila zina tundu, na tundu hilo linaonekana ukiinama na kioo cha kukuzia. Halafu mlango wa mizigo. VC10 za Afrika Mashariki zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele, na kwenye modeli yangu haukuwa umechorwa. Hapa sikuwa na baba mdogo wa kunisaidia kwenye picha, nikatumia ndege yenyewe: picha ya ubavu, iliyopigwa kutoka mbali, niliichapisha ndege ikatoka na urefu wa milimita 240. Mita 52.32 kwa milimita 240, yaani kila milimita ni sentimita 21.8. Upana wa mlango ukatoka kama mita 3.6, na kwenye modeli milimita 25. Nikabandika utepe mgumu kama rula, nikachora kwa ncha ya sindano, mara kumi kwa uzito wa unyoya badala ya mara moja kwa nguvu. Rangi ilibanduka kwenye pembe moja. Niliirudishia kwa brashi, na ukiitazama juani utaona kiraka.

Mlango ule ndio ulioziokoa ndege hizi, au tuseme ulizipa maisha ya pili. Baada ya 1977 zile nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza, na Jeshi la Anga la huko likazinunua kuzigeuza ziwe za kujaza mafuta ndege nyingine angani. Matangi yaliingizwa kupitia mlango uleule wa mizigo. 5H-MMT ikawa ZA147. Ilipaa kwa mara ya mwisho tarehe 25 Septemba 2013 kwenda kiwanja cha Bruntingthorpe, hukohuko Uingereza, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Siku moja kabla yake, 5H-MOG, ambayo ni VC10 ya mwisho kuundwa, ilitua Dunsfold na kukabidhiwa Makumbusho ya Brooklands. Nilimsomea baba mdogo haya yote. Akauliza kama waliibakiza na simba. Nikamwambia hapana, walipaka rangi ya kijivu. Akaguna.

Sakafu ya kuisimamishia nilikatiwa Keko, kipande cha ubao wa emudiefu cha sentimita 45 kwa 40, kingo zimepigwa randa. Juu yake nimepaka rangi ya kijivu ya kupuliza, nikachora mabamba ya zege kwa penseli, kila moja milimita 35, nikimaanisha mita 5. Maungio nimeyapitishia kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, ndiyo lami. Chini ya injini madoa ya mafuta, kwa chai ya rangi iliyokolea.

Halafu nikafanya ujanja niliojivunia sana. Kwa unyuzi wa shaba nilifua spana, ya milimita moja na nusu, yenye mdomo na kila kitu, nikaibandika sakafuni karibu na gurudumu la mbele kama vile fundi ameisahau. Kwenye maonyesho ya modeli vitu vidogo kama hivyo ndivyo watu huinamia na kucheka.

Baba mdogo alikuja Jumapili. Safari hii alileta miwani miwili. Aliiangalia ngazi kwanza, akapitisha jicho kipandio kwa kipandio (alisimama kwenye cha tisa, naapa), akaangalia kabari, akatikisa kichwa kukubali. Nilimwonyesha spana. Alichukua muda kuiona. Alipoiona, uso ukabadilika.

"Itoe hiyo."

Nikacheka, nikamwambia ni urembo tu.

"Addis waliacha kidude namna hiyo. Itoe."

Niliijua tarehe, 18 Aprili 1972, ila nilikuwa sijaiunganisha na meza yangu. 5X-UVA ilikuwa inaondoka Addis Ababa, ikiwa mbioni kwenye njia ya kurukia tairi la mbele likakanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichodondoka kutoka kwenye ndege ndogo. Tairi likapasuka, marubani wakajaribu kusimamisha, breki hazikutosha, ndege ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Walikufa watu 43. Baba mdogo alisema wiki zile, kila ndege ilipotaka kutua Dar, walitembea kwenye maegesho wakiwa wameinamisha vichwa, mstari mmoja, wakiokota hata misumari na vizibo vya soda. Hakuna aliyewaagiza.

Niliitoa kwa ncha ya wembe. Imeacha alama ndogo kwenye zege ambayo sijaifuta.

Kisha akagusa ngazi kwa kidole, haikusogea. Nilikuwa nimeigundisha vizuri, ukingo wake wa juu umebana kabisa kwenye mwili wa ndege, na nilidhani hapo ndipo ustadi ulipo.

"Umeibana," akasema. "Nani alikufundisha kuibana?"

Akanieleza kwamba ndege ikiwa tupu inasimama juu. Ukiingiza mafuta, mizigo na watu, miguu yake inanywea, na mwili mzima unashuka. Ngazi iliyobanwa kizingitini inaliwa na ndege, au inatoboa ndege. Kwa hiyo unaacha nafasi, na unaiangalia nafasi hiyo muda wote abiria wakipanda, na mmoja wenu habanduki pale. Yeye ndiye aliyekuwa habanduki pale. Nafasi ilikuwa kiasi gani? Akaonyesha kwa vidole: gumba na cha shahada vimeachana kiasi cha kushika upana wa gazeti lililokunjwa vizuri. Nikapima. Sentimita 11.

Niliiloweka gundi kwa asetoni ya dukani kwa wasusi, tone kwa tone, kwa ncha ya brashi, nikihofia rangi ya ndege na plastiki yenyewe. Ilichukua usiku mzima kuachia. Ikaondoka na ganda la rangi dogo chini ya mlango, nikapaka.

Sasa ngazi imesimama peke yake kwa magurudumu yake, haijagundishwa popote. Kila Jumamosi mke wangu akipangusa vumbi inasogea, na kila Jumamosi jioni naichukua ile kadi ya benki iliyotobolewatobolewa, naipitisha katikati ya ngazi na mlango. Ikipita bila kugusa, naenda kulala.